Mto Chini ya Goti

Nilifikishwa Mtongwe kama mzigo. Kwa siku mbili nililala kwenye kitanda chembamba kilicho nyuma ya kiti cha dereva, mguu wa kulia umefungwa ndani ya kifaa cha vyuma na mikanda, kisigino kikining'inia hewani kwa sababu kitanda kilikuwa kifupi kuliko mimi. Athumani, dereva ambaye mimi nilikuwa tanboi wake, msaidizi wa safarini, aliliendesha lile trela kama mtu aliyepakia mayai, lakini barabara haikumjali. Kila tuta lilinifikia gotini kwanza, kisha ndipo nikalisikia. Tulitoka Malaba, tukapita baridi ya Mau, tukashuka mpaka joto likaanza kuingia dirishani pamoja na vumbi jekundu. Voi nilijiinua kwa kiwiko nikaiona milima ya kwetu Taita imejifunika mawingu. Athumani akapunguza mwendo. "Tusimame, Mwadime?" Nikamwambia aendelee. Sababu za kutosimama ni kisa kingine, nami nilikwisha kuzoea kupita pale bila kusimama. Trela tuliliacha Changamwe. Kwenye feri watu walikuwa wengi na ile njia ya kuteremkia ni mteremko mkali, magongo yangu yakawa yanateleza, basi Athumani akapatana na mtu wa mkokoteni, nikalazwa juu ya magunia ya vitunguu. "Leo mzigo wangu unapumua," alisema yule bwana akisukuma, na watu wakatupisha wakicheka, wengine wakisema pole. Ng'ambo ya pili, Likoni, tukapata pikapu ya kutufikisha nyumbani kwa mama yake.

Miezi michache kabla ya safari hiyo nilikuwa nikifunga turubai juu ya shehena pale mpakani Malaba, kamba ikakatika, nikaanguka. Nilitua kwa mguu mmoja huku mwili ukigeukia upande mwingine, nikasikia kitu ndani ya goti kikilia kama kijiti kinachovunjwa. Daktari wa huko bara alieleza kwamba kano ya katikati ya goti, ile inayozuia mfupa wa chini usichomoke mbele, ilikuwa imekatika kabisa. Akatengeneza nyingine. Alichukua kipande cha ukano ulio chini ya pia ya goti, akakipitisha ndani ya mifupa, akakikaza kwa misumari midogo ya parafujo. Aliniambia kazi imekwenda vizuri. Hilo ni jambo ambalo kila daktari baada yake amenithibitishia, na ambalo goti langu mpaka leo halijakubaliana nalo.

Mwezi uliopita Athumani alinipigia simu nikiwa Isiolo. Siku hizi mimi huendesha mwenyewe, popote penye mzigo. Akasema, "Mama ametutoka." Maziko yalikuwa yamekwisha, Waislamu hawalazi maiti. Nilifika siku ya hitima, nikakuta wanaume wamekaa mikekani uani, juzuu mikononi, na kabla sijasalimia, mtu mmoja akanivutia kiti. Hakuniuliza lolote. Nikakaa juu ya kiti changu, kichwa changu peke yake kimetokeza kama mwalimu darasani, nikawa natazama dirisha la chumba nilichokaa mwaka ule nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Chumba chenyewe kilikuwa kando ya ukumbi. Ukuta ulikuwa wa mawe na chokaa iliyokuwa ikipukutika, ukiegemea uliondoka na mgongo mweupe. Kulikuwa na kitanda cha kamba, kabati lisilofunga sawasawa, na hilo dirisha, ambalo nje yake ndipo Bi Mwanakombo, mama yake Athumani, alipoweka jiko lake la kukaangia mahamri. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini isiyo na haraka. Siku ile ya kwanza nilimwamkia shikamoo nikiwa nimesimama kwa magongo mlangoni, naye hakuitikia marahaba mpaka alipohakikisha nimelazwa. Kisha akaenda kabatini, akatoa mto mnene wa sufi wenye foronya iliyotariziwa maua, akauinua mguu wangu kwa mikono miwili na kuutelezesha ule mto chini ya goti. Goti likajikunja kidogo, likatulia. Maumivu yaliyonifuata tangu Malaba yakarudi nyuma kama mbwa aliyefukuzwa. Nilikaribia kulia. "Hapo," akasema. "Sasa marahaba, mwanangu. Umefika kwako."

Nimelala katika nyumba nyingi za wageni, na vyumba vingi vya kupanga, na chini ya matrela. Sijawahi kuuguzwa kama nilivyouguzwa pale. Asubuhi uji wa mtama wenye tui, saa nne mahamri na mbaazi, mchana wali, jioni supu ya mifupa aliyoichemsha mpaka ikaganda kwenye kijiko, kwa imani kwamba mfupa hulisha mfupa. Wenyewe walikula ukumbini, wamezunguka sinia moja juu ya mkeka. Mimi sikuweza kukaa chini, basi nililetewa changu kitandani, kimefunikwa kwa kawa la ukindu. Nilipotaka kusimama niende msalani peke yangu, alikuwa amekwisha kusikia kamba za kitanda zikilia. "Wenda wapi? Ngoja nikushike." Nilipojaribu kufua shati langu alininyang'anya. Mgonjwa, katika nyumba ile, hakuwa na kazi ila moja, nayo ni kulala. Na kila alipopita alitazama kama mto umekaa sawa.

Dirisha langu lilikuwa redio. Wateja wa mahamri walimwuliza, "Mgonjwa wako yuaonaje?" naye aliwajibu kwa urefu, jinsi nilivyokula, jinsi nilivyolala, jinsi nilivyougua usingizini. Jirani yake, Bi Saumu, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, hakuwa na subira na habari hizo.

"Mwanakombo, utamtamia mpaka lini huyo? Hata kuku huinuka kiotani mwake akanywa maji."

"Muache apone."

"Atapona au ataanguliwa?"

Wakacheka, na mimi nikacheka peke yangu chumbani. Siku zile nilicheka kirahisi. Nilidhani kupona ni jambo linalomjia mtu akilala.

Lakini maumivu hayakuondoka. Yalihama tu. Mwanzo yalikuwa pale nilipokatwa, makali, yenye mahali pake. Baadaye yakawa mbele ya goti, chini ya pia, maumivu mazito kama jino bovu, na nyuma yake kukawa na mkazo, kama kamba iliyolowa ikakauka. Mjomba wa Athumani, Mzee Bakari, mkandaji, aliitwa. Alinikanda kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, kwa upole, akisoma chinichini, na kwa muda wa jioni moja nilijisikia mwepesi. Alipotoka nilimsikia ukumbini.

"Dada, mguu ule haulali chini."

"Haulali vipi?"

"Nimeuweka kitandani, goti limebaki juu. Pana uwazi."

"Ni uvimbe tu huo. Utanywea, inshallah."

"Huenda," akasema Mzee Bakari. Kisha nikasikia vikombe vikitiwa chai.

Kliniki ya mazoezi ya viungo ilikuwa kisiwani, na nilikuwa nimekosa miadi yangu mara kadhaa kwa sababu Bi Mwanakombo aliona kuvuka feri ni kumuua mgonjwa. Athumani aliporudi kutoka safari ndefu ya Kigali alinipeleka mwenyewe. Msichana aliyetupokea alikuwa wa rika langu, Mkamba, mwenye mikono yenye nguvu. Alinilaza juu ya meza, akaniambia nibonyeze goti lishuke. Nikabonyeza mpaka jasho likanitoka. Akaingiza ngumi yake chini ya goti langu, ikapita upande wa pili bila kugusa kitu. Akaitoa, akaiingiza tena, kana kwamba hakuamini.

"Unalalaje?"

"Chali."

"Na mguu?"

"Juu ya mto."

"Mto uko wapi? Chini ya kisigino?"

"Chini ya goti."

Akamtazama Athumani, Athumani akatazama sakafu. "Nani anakuwekea?"

"Mama," nikasema, na neno hilo likanishangaza nilipolisikia, kwa kuwa sikuwa nimemwita mtu yeyote hivyo kwa miaka mingi.

Alieleza bila kupaza sauti, na ndiyo maana nilimwogopa. Kano mpya ilikuwa salama, lakini goti lililowekwa limekunjwa usiku na mchana hujishona lenyewe kwa ndani, likasahau kunyooka. Nilipaswa kuweka kisigino juu ya kigoda, goti likiwa halina kitu chini yake, na juu ya goti mfuko wa mchanga, nivumilie, mara nyingi kila siku. Ingeuma. Nisipofanya hivyo, na upesi, ningehitaji kupasuliwa tena, na hata hapo hakuna wa kuniahidi. "Mtu asiyenyoosha goti hatembei sawa," akasema. "Wewe kazi yako ni nini?" Nikamwambia napanda juu ya matrela.

Hiyo ndiyo hofu niliyorudi nayo Mtongwe. Sikuwa na cheti cha kunipeleka ofisini zaidi ya kile cha kidato cha nne, na hata ningekuwa nacho nisingetulia ofisini. Kitu pekee nilichokijua maishani ni kuondoka mahali. Kijana asiyeweza kupanda ngazi ya trela amefungiwa mahali alipo, hata kama mahali penyewe ni pema.

Jioni ile Athumani alimwambia mama yake, nami nikasikia yote, kwani ukuta ule wa mawe haukufika darini.

"Mama, daktari amekataza mto."

"Daktari yupi? Yule msichana? Ameuguza wangapi?"

"Ndiyo kazi yake."

"Kazi! Mtu yualia kwa maumivu, wamwambia apakie mchanga juu ya kidonda. Hiyo ni tiba au ni ugomvi?"

"Mama, unamharibu."

Nilisikia kijiko kikiwekwa juu ya sinia. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka zaidi. "Babako aliinuka kitandani ana homa. Akasema, Mwanakombo, leo kuna meli, nikikosa zamu wataniandika mvivu. Nikampa nguo zake za kazi. Mimi, kwa mkono wangu. Sikumwambia lala. Akarudishwa amefunikwa shuka. Sasa waniambia nimuinue mtoto wa watu?"

Mimi nilikuwa nimelala chali, mto uko chini ya goti, nami sikuuondoa usiku ule.

Sasa nikiwaza, naona kwamba palikuwa na kweli mbili ndani ya nyumba moja na hazikuweza kula sinia moja. Kwao, mgeni akiugua kwako, heshima yako iko juu ya kitanda chake. Akionekana anafua, au anatembea akichechemea uani, mtaa utasema amechokwa. Bi Mwanakombo hakuwa mjinga, wala hakuwa na ugomvi na hospitali. Alikuwa na mume ambaye yeye mwenyewe alimruhusu ainuke.

Nilianza mazoezi kwa kuvizia. Alipokwenda sokoni Likoni, nilishuka sakafuni, kisigino juu ya kigoda, mfuko wa mchanga juu ya goti, nikauma ncha ya shuka. Maumivu yale sijui niyafananishe na nini. Hayakuwa ya kukatwa. Yalikuwa ya kufunguliwa kwa nguvu, kama mlango wa bati uliopata kutu unaosukumwa na mtu asiyechoka. Wakati mwingine nilisikia kitu kikitatuka kwa ndani na nikaogopa kwamba ni ile kano mpya. Jioni goti lilivimba, na yeye akiliona alisema, "Waona? Tulidhani limetulia," akaongeza mto wa pili. Kilichopatikana mchana kikapotea usiku. Mazoezi yangu yakawa kama kuchota maji kwa kawa.

Siku moja palikuwa na maulidi nyumba ya tatu na wanawake wote walikwenda. Nilijua nina mchana mzima, basi nikatia mchanga zaidi. Sikujua kwamba nilikuwa nikipiga kelele. Mlango ulifunguliwa, Bi Mwanakombo amesimama, marashi bado yananukia nguoni mwake, na nyuma yake Bi Saumu. Aliniona sakafuni, machozi na kamasi usoni, mfuko juu ya mguu. Akapiga magoti, akautupa ule mfuko ukapasuka, mchanga ukatapakaa chumba kizima.

"Nimekukosea nini?" akaniuliza. "Nambie. Nimekukosea nini hata ujitese ndani ya nyumba yangu?"

"Mama, nataka kutembea."

"Utatembea! Nani kasema hutatembea? Wallahi utatembea, lakini si hivi, si kwa kulia." Naye alikuwa analia. Akanifuta uso kwa upindo wa leso yake, kama mtoto.

Bi Saumu aliokota kigoda akakiweka pembeni. Baadaye, walipokuwa nje, nilimsikia akisema, "Mwanakombo, wampenda huyu, lakini mapenzi yako yana uzito. Wamkalia."

Ndipo nilipojua kwamba sitapona pale. Nilikuwa na nyumba mbili za kuchagua: moja ambamo napendwa lakini goti langu linajifunga, na nyingine isiyo na mtu, ambamo ningeweza kupiga kelele nipendavyo. Nilimwambia Athumani anitafutie chumba Changamwe karibu na yadi ya matrela, penye sakafu ya saruji. Akaniuliza kama nimemwambia mama. Nikasema nitamwambia. Siku zikapita. Kila nilipofungua mdomo alikuwa akiniletea kitu kilichofunikwa.

Hatimaye nilimwambia saa za asubuhi, yeye akikanda unga. Hakuinua kichwa. Aliendelea kukanda mpaka unga ukawa laini kupita kiasi, akaufunika kitambaa. "Ni kwa sababu ya ule mfuko niliopasua?"

"La, Mama. Ni kwa sababu siwezi kujiumiza mbele yako."

Akafikiri. "Na mimi siwezi kukuona," akasema. "Basi." Hatukulizungumza tena.

Niweke hapa jambo ambalo Athumani alinieleza baada ya hitima, tukiwa tumebaki wawili uani na masinia matupu. Alisema kwamba kwa miaka yote hii, kila aliporudi safari, swali la kwanza la mama yake baada ya salamu lilikuwa, "Goti la Mwadime limenyooka?" Naye kila mara alimjibu limenyooka. Sikumlaumu. Ukweli ni kwamba Changamwe nilipambana na lile goti miezi mingi, likashuka, lakini halikushuka lote. Mpaka leo ukinilaza chali, kidole kinapita. Nikishuka ngazi nashuka kwa mguu mmoja. Kupiga magoti siwezi. Ni kama kuyapiga juu ya msumari. Daktari mmoja wa Nakuru aliniambia huenda hayo maumivu ya mbele ni ya kile kipande kilichokatwa chini ya pia, kwamba yangekuwapo hata kama ningelala juu ya jiwe. Mwingine akasema ni miezi ile ya mwanzo. Nimeacha kuwauliza. Nikipata usiku mbaya, nikiwa Moyale au Lokichar, goti linavuma na usingizi haupo, sijui nimlaumu nani, na mara nyingine bado najikuta nakunja koti nataka kuliweka pale chini. Nafuu ipo palepale. Huchukua muda kulitoa.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi. Athumani angekuja na gari saa nne. Nilikuwa nimekwisha kuacha magongo, natembea kwa kuchechemea, begi langu liko ukumbini. Nilitegemea kilio, na chakula cha njiani cha kunitosha mpaka Nairobi ingawa nilikuwa naenda Changamwe. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa mlangoni, hajawasha jiko.

"Mwadime."

"Naam, Mama."

"Pipa halina maji. Nenda kanitekee."

Nilisimama. Tangu niingie nyumba ile sikuwahi kutumwa hata kibiriti. Akanyoosha mkono kuonyesha ndoo, na uso wake ulikuwa mkavu, ila ncha ya leso ilikuwa imebanwa kati ya meno yake. Nikachukua ndoo. Kisima kilikuwa ng'ambo ya uwanja, kwa akina Bi Saumu, na kwenda kulikuwa kwepesi. Kurudi, ndoo imejaa, kila hatua ilinipiga chini ya pia ya goti, maji yakinimwagikia mguuni, na nilijua ananitazama, nami nilijua akisema neno moja tu nitaitua.

Bi Saumu alitoka mlangoni kwake, mikono kiunoni. "Mwanakombo! Mgonjwa wako yuateka maji!"

"Si mgonjwa," akajibu, kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia. "Ni mwanangu. Nimemtuma."

Nikapita mbele yake, nikamimina maji ndani ya pipa. Aliinuka, akachungulia.

"Halijajaa," akasema. "Rudi."

Nikarudi. Nikaenda tena, na tena, mpaka honi ya Athumani ikalia barabarani, na bado akanituma mara nyingine. Pipa lilipojaa, nikachukua begi langu.